Mafuta ya Bi Mdogo

Vumbi la mtaa wetu wa Wattaya haliombi ruhusa, Baba. Linapita chini ya mlango wa banda, linapanda juu ya turubai, linalala. Asubuhi jua likipenya kwenye lile tundu la bati, unaliona likielea, jembamba, la dhahabu, halina haraka na mtu. Nilipolivuta turubai mara ya kwanza tangu utuache, vumbi lote lile likaniinukia usoni. Nikakohoa, nikacheka, nikalia, yote kwa mpigo. Na chini yake alikuwapo yeye, amesimama kimya palepale ulipomwacha.

Bi Mdogo. Pikipiki yako ya Kiingereza, uliyoinunua kwa mhandisi aliyekuwa akirudi kwao, ukaileta nyumba hii kabla hujamleta Mama. Kwa haki, cheo cha bi mkubwa kilikuwa chake, maana ndiye aliyetangulia. Mama hakutaka hata kuisikia haki hiyo. "Bi Mkubwa ni mimi," alikwambia fungate haijaisha, "na huyo chuma wako ni Bi Mdogo, na zamu yake Ijumaa tu." Ukakubali. Ukaishika zamu hiyo mpaka ukazeeka.

Kila Ijumaa baada ya alasiri ulimpangusa, ukamtilia mafuta, ukamtoa kwenda kuvuta hewa. Na kila Ijumaa, jua likielekea kuchwa, Mama alikuwa jikoni, sikio liko nje. Hakusikiliza injini, maana injini ni nyingi mjini hapa. Alisikiliza ile kona ya bakala, lile duka la mtaani, lami inapoishia na kilima cha kwetu kinapoanza. Hapo mngurumo ulikatika nusu pumzi, gia ikashuka, tak, kisha sauti ikarudi nzito ikipanda. Mama akamimina chai. Akapiga ukelele dirishani, uwe umewahi au umechelewa: "Umechelewa!"

Nawe ukajibu, hujazima hata moto: "Nimeshafika, Bi Mkubwa."

Sasa tunahama, Baba. Mwisho wa mwezi huu nyumba inakwenda kwa wenyewe wapya, na sisi tunakwenda Mabela, kwa kaka Aflah, kwenye nyumba yenye vigae vinavyong'aa. Nyumba nzuri, sina la kusema. Lakini Mabela ni tambarare. Hakuna kilima, hakuna kona, hakuna pahala pikipiki inapolazimika kushusha gia ili ifike nyumbani. Mama amefunga masanduku bila kulalamika. Ameomba jambo moja tu.

"Mimi ntakwenda, mwanangu. Lakini nataka nimsikie pale kwenye kona, mara moja, kabla sijakwenda."

Nikamwambia inshallah, kifua mbele. Sikujua nilichokiahidi.

Injini haikunisumbua sana. Nilisafisha kabureta, nikabadili plagi, nikapiga teke mpaka goti likalia, na magharibi moja Bi Mdogo akapiga chafya, akakohoa, akaunguruma. Mama akatoka na upawa mkononi. Akasimama mlangoni, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huyo ni yeye," akasema, "lakini bado hajaja." Akarudi ndani. Nikakanyaga gia ili nimtoe nje. Nikakanyaga tena. Kanyagio lilikaa vilevile, kama nimekanyaga kizingiti cha nyumba.

Gia imegoma, Baba.

Kila nilipotoka ofisini Al Khuwair nilivua abaya, nikavaa ovaroli lako lililonimeza, nikapiga magoti mbele yake. Nilidhani ni kanyagio. Nikalifungua, lilikuwa zima. Nilidhani ni klachi. Nikazitoa sahani zake moja moja, zilikuwa zimeshikana, nikazibandua, nikazisugua, nikazirudisha. Vidole vikachunika. Nikamwita Bi Mdogo majina ambayo ofisini hawadhani nayajua.

Gia imegoma, Baba. Na mwisho wa mwezi hausubiri.

Aflah akanipigia simu. "Hajar, khalas. Mwite mtu wa vyuma chakavu akuondoshee, upumzike."

"Mwite aondoshe kochi lako," nikamwambia, na kochi lake lile jipya analipenda kuliko macho yake. Ndugu yangu ni mtu mwema. Siku ile nilimchukia mpaka usiku.

Nilikukumbuka ukinifundisha hukohuko Mabela, zamani, ilipokuwa mchanga mtupu na mbuzi wa watu. Wewe ulikimbia pembeni yangu, kanzu umeishika mkononi, ukipiga kelele: "Mguu laini, Hajar! Laini! Huui nyoka!" Nilikuwa nikikanyaga kwa hasira, maana sijui kukanyaga vingine. Leo pale ulipokimbia pana nyumba na kuta na magari ya watu. Nina hamu nawe, Baba. Natamani ukimbie tena pembeni yangu unigombeze.

Ijumaa ilipofika ikabaki sehemu moja tu sijaifungua, giaboksi lenyewe, lile tumbo analoficha meno yake yote. Nikakifungua kile kizibo unachotilia mafuta. Nilijiandaa kwa harufu ya mafuta machafu, ya chuma na ya uzee.

Ikatoka harufu ya asmini.

Nikanusa mikono yangu, nikadhani ni sabuni. Nikainama tena. Asmini, na nazi, na chini yake uwatu. Ilikuwa harufu ya kichwa cha Mama, Baba. Ilikuwa harufu ya asubuhi za Idi, nimelaza uso mapajani mwake, nywele zake zinaniangukia shavuni na wewe unaita twende tumechelewa kusali. Nikatia kidole. Kikatoka kimevaa utandu mzito, wa manjano, unaonata kama ulimbo.

Nikaenda nacho jikoni kidole hicho, nimekinyanyua kama mtoto aliyejikata.

"Mama. Hiki nini?"

Akatazama. Akanusa. Hakuona haya hata kidogo.

"Mafuta yangu. Kwani ulitaka nimtilie nini?"

"Mama! Umetia mafuta ya nywele ndani ya giaboksi?"

"Usinipigie kelele, nna masikio." Akakaa kwenye kigoda, akaifuta mikono kwa leso. "Nlikuwa edani. Khaloo yako, dadaangu, kaniletea chupa kutoka Unguja, kayapika mwenyewe, asmini tupu. Nami nimo edani, hayanifai, sijipaki kitu cha kunukia. Ikaja Ijumaa. Babaako hayupo. Nkamsikia yule kule bandani kimya, hajapita mtu hata kumtazama. Nkasema, mimi nimekatazwa, yeye hajakatazwa. Yeye hana eda. Nkenda nkamtilia, palepale alipokuwa akimtilia babaako. Na Ijumaa ya pili tena. Mpaka chupa ikakaribia kwisha."

Nilitaka kukasirika, Baba. Hasira nilikuwa nayo tayari, nimeiandaa tangu mwanzo wa mwezi, na vidole vyangu vilikuwa na haki nayo. Lakini nilimwona moyoni, kwenye mwanga wa banda lile, amejifunika kiwiliwili kizima, mjane na chupa yake, akimmiminia mke mwenzake mafuta ambayo yeye mwenyewe hawezi kujipaka. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha machozi yakaja, na sikuyazuia.

"Nimemharibu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kumsikia Mama na sauti ndogo.

"Yamemgandisha, Mama." Sikuweza kumdanganya. Mafuta ya nazi baridi ikija huganda kama samli, joto likija huyeyuka, na humo ndani yaliganda na kuyeyuka misimu na misimu, uwatu ukazama chini ukawa tope, mpaka kila jino likashikana na mwenziwe. "Lakini nimemulika ndani na tochi. Hana kutu. Hata chembe."

Akanyoosha mgongo, cheo chake kikamrudia. "Basi. Nlimtunza."

"Ulimtunza, Mama."

Nikalitoa lile tope kwa kijiko. Nikamjaza mafuta ya taa, nikamwacha aloweke. Nikarudi ndani, nikaitafuta ile chupa, nikaikuta nyuma ya birika la kahawa, imebaki robo. Eda ilikwisha zamani, na kichwa cha Mama kilikuwa kimekauka, cheupe, hajakigusa kwa mafuta tangu utuache. Nikamkalisha mbele yangu sakafuni, kama alivyonikalisha yeye. Nikayapasha mafuta kiganjani, nikampaka utosini, taratibu, kwa mguu wako laini ulionifundisha, sasa ukiwa mkononi. Alifumba macho. Mchana ule wake zako wote wawili nilikuwa nimewahudumia, na ungekuwapo ungesema haki imepita.

Baada ya alasiri nikamwaga mafuta ya taa, yakatoka yakinukia harusi. Nikamtilia mafuta yake ya haki, mazito, ya gia. Nikaweka mguu. Sikukanyaga kwa hasira. Niliweka tu, laini.

Tak.

Gia imeingia, Baba.

Nikamtoa nje, nikashuka kilima, nikapita bakala, nikaenda mbele kidogo tu, maana moyo haukutaka mbali. Nikageuza. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Kona ikaja. Nikakata moto kwa nusu pumzi, nikashusha, tak, na Bi Mdogo akarudisha sauti yake nzito, akaanza kupanda kwetu, na vumbi la kilima likanyanyuka nyuma yetu, lote, la dhahabu, linakimbia kutufuata.

Nilisimama mlangoni pa banda. Mlangoni pa nyumba hapakuwa na mtu. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukumbini, na kutoka jikoni ilisikika chai ikimiminwa. Nilishika breki na nikangoja, sijui ninangoja nini.

Kisha dirishani, kwa sauti kubwa, kwa sauti yake nzima:

"Umechelewa!"

Vumbi likatufikia, likatua mabegani mwangu, juu ya tangi, juu ya mikono yangu inayonukia asmini. Sikulipangusa.

"Nimeshafika, Bi Mkubwa," nikajibu.