Chupa ya Chef Marcellin

"Onja, chef."

Marcellin aliitazama chupa mkononi mwake, akamtazama Lwamba, kisha akawatazama watu. Asubuhi hiyo ya soko la Kabambare walikuwa wameacha mihogo yao na samaki wao, wakaizunguka meza ya Lwamba yenye hadubini.

"Nionje nini?"

"Mukojo wako. Kidole kimoja, kwenye ulimi. Kisha utuambie iko namna gani."

Ndani ya mfuko wa shati la Lwamba kulikuwa na bandeleti tatu, vile vijikaratasi vinavyochovywa kwenye mkojo vikabadilika rangi kama kuna sukari. Kimoja kingetosha, kazi ikaisha kabla mtu hajapiga chafya. Lakini Lwamba alikuwa ameingoja siku hii miaka kumi na minne, na kisasi cha kijikaratasi si kisasi.

Zamani hizo Lwamba alikuwa mpimaji kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Wamaza, na Marcellin ndiye muuguzi mkuu, yaani chef, mkubwa wa kituo. Siku moja Marcellin akamletea mkojo ulioandikwa jina la mwanamke. Lwamba akapima, akaandika kwa mwandiko wake nadhifu wa shule ya kanisani: "Mama huyu ni mzima kabisa. Anywe maji zaidi." Marcellin akaisoma karatasi uani, mbele ya wagonjwa wote, kisha akaenda nyuma ya jiko kumleta mama mwenyewe. Alikuwa na pembe mbili na kamba shingoni. Watu walicheka mpaka mjamzito mmoja akajifungua kabla ya siku zake, na mtoto naye, wanasema, alitoka akicheka.

Tangu hapo Lwamba hakupita mahali bila kuliliwa kimbuzi. Njiani, mbee. Kisimani, mbee. Siku ya kumzika mke wake Francine, udongo wa kwanza ukiwa haujatulia, mtu fulani nyuma alitoa mbee ndogo, na wanawake wakaficha kicheko ndani ya vitenge. Hiyo ndiyo iliyomkaa kooni. Za njiani angesamehe.

Kilichompoza kidogo ni kitabu. Padri mmoja alimwachia, cha Kifaransa, maisha na maandiko ya daktari Mwingereza wa miaka zaidi ya mia tatu iliyopita; mchwa walikuwa wamekula jalada pamoja na jina la mwenyewe. Lwamba alikisoma hadi akakijua kama Baba Yetu. Mwingereza yule, mtoto wa mkulima, alianza kwa kuzunguka masoko ya vijijini, yeye na mwenzake kwa farasi mmoja, wakitazama mikojo ya watu kwenye chupa. Wakamcheka. Akaendelea kutazama, akaonja, akaandika: kuna wagonjwa wa kiu isiyokwisha ambao mkojo wao ni mtamu ajabu, kana kwamba umetiwa asali.

Na leo Marcellin ameteremka pikipiki akishikiliwa na mkewe, Nadine. Amekonda hata koti lake lilifika kabla yake. Anamaliza mtungi mzima kabla jua halijapanda, alisema Nadine. Angeachiwa mto Lualaba, angebakiza mchanga.

"Kitabu kinasema hivyo," Lwamba aliugonga ukurasa. "Mwingereza alionja. Wewe ni mukubwa kumupita?"

"Alionja ya wagonjwa wake. Wewe ndiye mupimaji. Onja wewe!"

Watu wakacheka. Lwamba hakutikisika.

"Mimi? Mimi sijui kutenga mutu na mbuzi, chef. Ulisema mwenyewe, mbele ya watu."

"Aa, hapo amekushika, papa Marcellin!" Abdoul muuza chumvi alipiga makofi.

Marcellin akafungua chupa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama matope ya kiangazi. Lwamba alihisi tumbo likimjaa, kama mtu aliyerudi harusini.

"Polepole, chef. Watu wa nyuma hawaoni vizuri."

"Lete," Nadine alisema.

"Nadine, acha."

"Lete, nimesema. Mashuka nimefua, ndoo nimemwaga. Nitaogopa kidole?"

Akaichukua chupa, akachovya, akaweka kidole kwenye ulimi. Akafunga mdomo kama mpishi anayesikiliza chumvi ya mchuzi.

"Iko tamu," alisema. Kisha, bila hasira: "Iko tamu sana, papa. Atakufa?"

Hakuna aliyecheka. Abdoul aliinamia chumvi yake. Lwamba alitafuta yale maneno aliyoyanoa miaka kumi na minne. Yote yalikuwepo. Lakini aliyanoa kwa ajili ya Marcellin; kwa mama huyu hayakuwa na pa kukata.

Akatia mkono mfukoni, mbele ya wote, akatoa bandeleti moja, akaichovya. Iligeuka kahawia nzito, haikumngoja hata apumue.

Marcellin aliutazama mfuko ule.

"Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu Wamaza."

Lwamba aliandika barua ya hospitali ya Kasongo, akampa Nadine.

"Akifika leo, hafi. Leo, mama, si kesho. Na njiani maji tu, hata akililia limonadi."

Mwenye pikipiki aliwasha; Nadine alipanda nyuma ya mumewe, akamzungushia mikono kifuani asianguke. Vumbi jekundu likawafunika mpaka kwenye kona.

Soko lilirudi kwenye kelele zake. Chupa ilibaki mezani, wazi. Sisimizi mmoja alipanda mguu wa meza, kisha wa pili, kisha mstari mzima. Lwamba hakuwafukuza. Alikuwa ameinua kidole chake cha shahada, anakitazama.

"Papa Lwamba," Abdoul aliuliza, "kidole kinauma?"

Lwamba aliivuta chupa karibu yake, akakichovya.