Kizimbani, Dakika ya Tisini na Moja

Tuure Hakovirta alimkwatua yule kijana wa timu ya mji mkuu bila kukusudia. Ndivyo alivyomwambia refa, na ndivyo alivyotaka kuamini mwenyewe. Lakini mkono wa refa ulikuwa umeshapanda juu, na watu elfu tano wa Haukijoki, waliokuwa wakipiga kelele tangu saa kumi na moja jioni, wakanyamaza kama walioletewa habari ya msiba.

Ilikuwa mechi ya saba ya fainali ya hoki ya barafuni, ya kumaliza ubishi. Timu zilikuwa zimegawana ushindi tatu kwa tatu, na leo zilikuwa mbili kwa mbili, muda wa nyongeza wa pili, dakika ya tisini na moja. Atakayefunga kwanza ndiye bingwa. Klabu ya Haukijoki ilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na haijawahi kutwaa ubingwa. Ilishafika fainali nne ikafungwa zote, na katika tatu kati ya hizo Tuure alikuwamo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, beki na nahodha, goti lake la kushoto limechomwa sindano mara mbili tangu asubuhi.

Adhabu ilikuwa dakika mbili nje. Tuure akateleza polepole hadi kwenye kizimba, kile kibanda cha vioo pembeni ya barafu, na mlango ukafunguliwa na Maire Pellikka, mama mstaafu wa posta ambaye amekuwa akifungua mlango huo kwa kujitolea miaka ishirini na mitatu.

"Ingia ukae, mwanangu," alisema Maire. "Umemkwatua kwa nini?"

"Alikuwa ananipita, mama Maire."

"Siku hizi wote wanakupita."

"Asante kwa kunitia moyo."

"Kunywa maji. Na usinisemeshe sana, refa anatuangalia. Mimi hapa sina timu."

Tuure akaketi kwenye benchi la mbao. Alipoketi tu, miguu ikaacha kutetemeka, mgongo ukapata ukuta wa kuegemea, na kitu kama utamu kikamshuka mwilini kuanzia shingoni. Hapo ndipo alipoogopa. Wenzake walikuwa wanne dhidi ya watano, mji mzima umeshika roho mkononi, na yeye anafurahi kwamba amepata kiti.

"Mama Maire," alisema taratibu, "vipi kama nilimwangusha ili nipate kukaa?"

Maire hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye saa. "Umechoka. Mtu aliyechoka husema mengi."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Nilibeba barua kwenye theluji miaka thelathini na moja. Kuna siku nilianguka nikabaki nimelala pale pale, nikajisemea, afadhali. Kisha nikainuka. Kunywa maji."

Sekunde arobaini zilikuwa zimepita. Mbele ya kioo, wale watano wa mji mkuu walikuwa wakipasiana kisahani, kile kigae cheusi kinachochezwa badala ya mpira, watakavyo, mmoja akapiga, kipa wa Haukijoki akazuia kwa bega. Wakapiga tena, kikagonga mwamba. Tuure alitaka kufumba macho akaona aibu kuyafumba. Alifikiria, wakifungwa, atakavyoingia dukani wiki ijayo, watu wampishe kwenye foleni kwa upole, na upole huo ndio utakaomuua.

Kisha beki wa mji mkuu akataka kumpasia mwenzake katikati, na kisahani kikaruka juu ya fimbo ya mwenzake. Severi Lampela wa Haukijoki akakidaka. Huyu Severi hakuwa amefunga goli tangu kabla ya Krismasi, hata watu wa kantini walikuwa wakimtania kwamba lango amelisahau lilipo. Akakimbia nacho peke yake, nusu nzima ya barafu, beki akimfukuza nyuma. Alipofika kwa kipa hakufanya ufundi wowote. Alipiga tu, chini, kisahani kikapita katikati ya miguu.

Kelele zilizofuata Tuure alizihisi kwenye benchi kabla ya kuzisikia. Maire alipiga makofi mara moja, akakumbuka kwamba hana timu, akaficha mikono mfukoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Toka, basi!" alisema. "Mmeshinda! Toka!"

"Subiri kidogo, mama."

"Nisubiri nini? Miaka hamsini na miwili hii!"

"Goti limekaza."

Ikabidi Maire, mwenye miaka sitini na tisa, amshike kwapani amwinue, akimnong'oneza kwamba watu wanatazama. Akamsukuma mlangoni. Wenzake walikuwa wamemlalia Severi kama lundo la nguo chafu. Tuure aliwafikia wa mwisho, akapiga magoti kwa shida, na Severi akamwona.

"Mzee!" Severi alipaza sauti kutoka chini ya watu. "Huko ndani ulikaa vizuri?"

"Vizuri sana," Tuure akajibu, na hakuna aliyejua kwamba hakuwa anatania.

Alikabidhiwa kombe yeye, kwa kuwa ndiye nahodha. Alilinyanyua mara moja, likamlemea, akampa Severi.

Nje kulikuwa bado na mwanga wa zile jioni ndefu za kaskazini, magari yakipiga honi barabara nzima. Mkewe, Päivikki, alimfungulia mlango wa gari naye akaingia kwa mafungu, mguu mmoja kisha mwingine.

"Unalia?" aliuliza Päivikki.

"Sijui. Nilifurahi kukaa, Päivikki. Kabla ya goli. Nilifurahi kukaa tu."

Päivikki aliwasha gari. "Basi imetosha, mume wangu," alisema.

"Ndiyo. Imetosha."

Kesho yake saa sita mchana uwanja wa soko ulijaa watu hadi kwenye ngazi za kanisa. Katibu wa klabu alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu Päivikki akapokea.

"Meya ameshapanda jukwaani," alisema katibu. "Nahodha yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwamshe basi, shemeji! Watu wanaimba jina lake!"

Päivikki alichungulia chumbani. Tuure alikuwa amelala kifudifudi, soksi moja mguuni, pazia halijafunguliwa.

"Waache waimbe," alisema, akaizima simu, akaurudisha mlango polepole usigonge.