Mtani Aliyeogopa Seva

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Morogoro iliamka na baridi ya kipupwe. Wingu zito lilikuwa limeukalia Uluguru hadi mabegani, na manyunyu mepesi yaliyalowesha mabati ya Kihonda bila kelele. Mwanvita alimaliza sala ya alfajiri akabaki juu ya mswala kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuomba asitetemeke jukwaani, wala hakuomba makofi. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mola wangu, nipatie mtu wa pili."

Mtu wa pili ndiye aliyetakiwa na Mzee Abdulatif, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa viungo na matunda wa Kinole. Chama kina ofisi Kihonda, na kwenye kona ya ofisi hiyo, juu ya kabati, imekaa mashine ndogo nyeusi ambayo kila mtu anaiita seva ya Mwanvita. Ndani yake inafanya kazi programu huria, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure, akaisoma ilivyoandikwa, hata akairekebisha. Kazi yake ni kama ya mpokezi wa wageni. Mkulima akituma ujumbe kwamba ana mikungu ya ndizi au mananasi yaliyokomaa, seva inampokea, inampeleka kwenye mfumo wa chama, kisha inamrudishia jibu. Ndivyo dereva wa lori anavyojua aanzie kijiji gani.

Mwanvita alijifunza mambo hayo ukubwani. Alikuwa karani tu, wanawe wameshajitegemea, alipojiandikisha masomo ya jioni na kukaa dawati moja na vijana waliomwamkia shikamoo kabla ya kumwazima kalamu. Kila somo alilianza kwa bismillahi. Lile lisiloingia kichwani alilirudia nyumbani, akaliombea, akalirudia tena.

Mwezi Aprili mjomba wake alifariki huko Kinole. Kwa Mluguru, mjomba si mtu wa kuzikwa haraka ukarudi kazini. Ofisi nzima ilipanda kuzika ikateremka, Mwanvita akabaki matangani. Siku iliyofuata seva ikaduwaa, ikawa haimjibu mtu. Hakuna aliyempigia simu, maana nani amsumbue mfiwa kwa habari za kompyuta? Hakuna aliyeigusa mashine. Lori likazunguka bila kujua liendako, na ndizi zikaivia barazani kwa watu. Mwanvita aliporudi aliiamsha seva kabla chai yake haijapoa.

"Mwanangu, sina ugomvi na kazi yako," Mzee Abdulatif alimwambia baadaye. "Lakini kitu kinachokufa mwenyewe akienda matangani, siwezi kuwaacha wakulima wakitegemee. Kuna kampuni inataka kutuwekea mfumo wake. Kamati inakaa Jumatatu. Ukinionyesha mtu wa pili wa kuiamsha kabla ya hapo, tunabaki na seva yetu. Usiponionyesha, tunaizima."

Mfumo wa kampuni ulitaka kila mkulima awe na simu kubwa. Bibi wengi wa Kinole walikuwa na simu za kitochi. Mwanvita aliwajua kwa majina, na alijua seva ikizimwa hao ndio watakaobaki na mananasi yao njiani.

Kwa hiyo aliuendea mkutano ule na mzigo moyoni. Ulikuwa mkutano wa siku moja wa watu wanaoitumia na kuisimamia seva hiyo huria, uliowaleta wageni kutoka Dar, Dodoma na Iringa kwenye ukumbi mmoja mjini. Mzee Abdulatif alikaa mstari wa mbele, kofia ya kiua kichwani. Nyuma yake alikaa Jesca, mhasibu wa chama, Mnyamwezi wa Tabora na hivyo mtani wa Waluguru kama Mwanvita.

"Mtani, leo usikanyage jukwaa kwa pupa," Jesca alimnong'oneza. "Pale ni tambarare. Miguu yenu ya mlimani, mmoja mrefu mmoja mfupi, utaanguka."

"Wewe mpagazi, tua kwanza mzigo wa babu yako ndipo unisemeshe."

Walicheka. Lakini Mwanvita alikuwa amemwomba mara kadhaa Jesca huyuhuyu awe mtu wa pili, amsaidie seva yake, na kila mara Jesca aliugeuza mzaha akaondoka.

Mzungumzaji wa kwanza, Jonathan wa Dodoma, alieleza kuhusu kumbukumbu ya mashine. "Seva ikielemewa haifi ghafla," alisema. "Kwanza inachelewa kujibu. Halafu inaduwaa. Dalili mnaziona mapema mkiangalia." Wa pili, Ignas, alizungumzia usalama. "Mpokezi mpeni funguo za mapokezi tu," alisema. "Msimpe na za stoo. Mwizi akimteka mpokezi, aishie mapokezi." Mwanvita alisikiliza kwa shukrani, kama mtu anayesikia jambo alilolipapasa gizani likitajwa kwa jina lake.

Wakati wa chai alimfuata Ignas. "Mwalimu, seva yangu ikilala, hakuna anayeiamsha ila mimi."

"Andika utaratibu, mama. Hatua kwa hatua, kwa Kiswahili."

"Upo. Nimeubandika ukutani, juu ya mashine."

"Na paswedi?"

"Mhasibu anayo. Nilimpa kwa mkono wangu."

Ignas alishusha kikombe. "Hapo mama yangu umenishinda. Hiyo si kazi ya seva tena. Muulize mhasibu."

Jesca alikuwa dirishani na andazi mkononi. Mwanvita alimsogelea. "Jesca, leo nataka jibu lisilo na utani. Ile siku ulikuwa ofisini. Ulikuwa na paswedi. Kwa nini hukuiamsha?"

Jesca alitafuna taratibu, akaangalia nje.

"Nilisimama mbele yake," alisema mwishoni. "Nilisoma karatasi yako yote. Nilielewa. Halafu mkono ukakataa. Wewe umekaa mkekani unamlilia mjomba wako, mimi niingize mikono kwenye kazi yako? Ofisi nzima inasema seva ya Mwanvita. Wangesema nimekurithi ungali hai."

"Ungenipigia."

"Nikuambie nini, dada? Pole na msiba, na hivi mashine inawashwaje?"

Kumbe seva haikulala kwa ujinga wa mtu. Ililala kwa adabu. Miezi yote hii alikuwa akiomba apate mwenye akili ya kujifunza, na mwenye akili hiyo alikuwa meza ya pili akisubiri kuruhusiwa. Alisema astaghfirullah kimoyomoyo. Yeye mwenyewe alikuwa amelipenda lile jina, seva ya Mwanvita. Hakuwahi kumsahihisha mtu.

Walipomwita jukwaani, alikuwa na picha zake za kuonyesha ukutani, zote kuhusu namna ya kupima mzigo wa seva. Alionyesha ya kwanza, akamtazama Mzee Abdulatif, kisha akafunga picha.

"Ndugu zangu, haya ninayotaka kuwaeleza wenzangu wameyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi niwaulize jambo moja. Humu ndani kuna Waluguru?"

Mikono ikanyooka.

"Na watani zao Wanyamwezi?"

"Tupo!" sauti chache zilijibu, na nyingine ikaongeza, "Tumekuja kudai chetu!" Ukumbi ukacheka.

"Basi mtakuwa mashahidi wangu. Mwezi wa nne nilifiwa na mjomba. Mtani wangu Jesca, yule pale, alikuja kuzika. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, mpaka shangazi zangu wakacheka na machozi. Akaingia jikoni bila hodi. Akamkamata jogoo wetu, akamfunga miguu, akasema huyu ni wangu. Alimuuliza mtu?"

"Hakuuliza!"

"Kesho yake akarudi ofisini, seva imeduwaa, paswedi anayo, maelekezo yapo ukutani. Akaogopa kuigusa, eti ni ya Mwanvita! Jogoo wa marehemu hukumwogopa, Jesca, ukaogopa kibodi?"

Kicheko kilizunguka ukumbi mzima. Jesca alijifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Hata kofia ya Mzee Abdulatif ilicheza kidogo. Mwanvita alingoja watu watulie.

"Kosa si lake," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu hagusi cha mwenzie bila kuruhusiwa, na mimi ruhusa sikuitoa. Nilitoa paswedi tu. Leo naitoa mbele yenu. Ile ni seva ya chama. Jesca, mtani wangu, njoo uigeuze unavyotaka. Lori limeshateremka, hakuna atakayeumia. Izime, uiwashe."

Jesca alipanda jukwaani akifuta macho. Alikaa mbele ya kompyuta, akaingia kwenye mashine ya Kihonda, akaandika amri ya kuzima, halafu ya kuwasha. Ukutani, ukurasa wa chama, ule unaoonyesha ujumbe wa wakulima, ulikataa kufunguka.

Jesca aligeuka. "Mwanvita..."

Mwanvita alikuwa amefunga mikono nyuma ya mgongo wake, kidole kimoja kimekamata kingine, maana vyote vilitaka kibodi. Mola wangu, nisaidie nisiguse. "Seva inasema nini?" aliuliza tu.

Jesca alifungua faili la matukio, akasoma mistari ya mwisho midomo ikichezacheza. "Inasema mlango umekaliwa." Akafikiri. "Ile ya kwanza haijamaliza kufa. Nimeiwasha ya pili wakati ya kwanza bado imekaa mlangoni."

"Hata mimi ilinipata hiyo Dodoma!" Jonathan alipaza sauti kutoka nyuma. "Nilihangaika asubuhi nzima!"

Jesca alihakikisha ile ya kwanza imekwisha kabisa, akaandika tena amri ya kuwasha, akangoja. Ukurasa ukafunguka ukutani, kijani na nyeupe. Kabla watu hawajaanza kupiga makofi, ujumbe mpya ukaingia juu kabisa: Bi Mwanaasha wa Kinole, mananasi, yako tayari.

"Bibi yule ana kitochi," Mwanvita alisema.

Mzee Abdulatif alisimama taratibu. Ukumbi ukatulia tena, maana mzee akisimama watu husikiliza.

"Nimeona mkono," alisema. "Sasa nataka mdomo. Huko kwetu mtu akikabidhiwa cha ukoo, hapokei pembeni akaondoka. Anasema, watu wanasikia, ili kesho asije akageuka. Binti, unapokea?"

"Napokea, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi sema, mimi Jumatatu nikawaambie kamati nilichosikia kwa masikio yangu. Mashahidi mpo?"

"Tupo!" ukumbi uliitika, Wanyamwezi kwa sauti kuliko wote.

Jesca alisimama wima. Alitaka kuanza na mzaha, ikaonekana kwenye midomo yake, kisha akauacha. Aliweka mkono mmoja kifuani, na kwa mwingine akamshika Mwanvita.

"Mimi Jesca Maganga wa Tabora, mtani wa Waluguru, mbele yenu nyote na mbele ya Mungu, naahidi. Seva ya chama ikiduwaa, Mwanvita awepo au asiwepo, awe harusini au matangani, mimi nitaigusa. Nikishindwa nitampigia simu hata akiwa analia. Na kabla mwaka huu haujaisha, nitakuwa nimemfundisha mtu wa tatu."