Digrii Tisini na Moja

Namba kwenye simu ilisoma sabini na moja. Dorika aliitazama, akaifumba simu kiganjani kama mtu anayeficha kaa la moto, kisha akaifumbua tena. Sabini na nne. Mbele ya ukumbi mkufunzi wa semina alikuwa akieleza namna ya kutunga maswali ya fizikia. Nyuma yake, dirishani, Ziwa Kindai lilimeta kwa jua la saa nne asubuhi. Dorika hakusikia neno.

Namba ile ilitoka nyumbani kwake Kinyangiri, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari. Huko stooni, ndani ya kabati la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe, zilikaa seva zake mbili: kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi moja ya mjini, naye akazifufua. Hakuna aliyemtuma. Yalikuwa mapenzi tu, kama wengine wapendavyo kufuga njiwa. Humo alihifadhi mitihani ya miaka iliyopita ili wanafunzi waisome kwenye simu, nyimbo za kwaya ya usharika, na picha za harusi na misiba ya nusu ya kijiji. Kila alfajiri, kabla ya kunawa uso, alizijulia hali: diski zimeamkaje, betri za sola zimelalaje. Joto la seva halikuwahi kupita digrii hamsini.

Sabini na nane.

Ukuta mmoja tu ulilitenga kabati lile na chumba cha mama yake. Chini ya kabati zilipangwa betri nne, kwa nyaya alizoziunga kwa kufuata maelezo ya mtandaoni. Aliwahi kuona picha ya nyumba iliyoteketea kwa betri za namna ile, masizi yamepanda ukutani hadi darini. Siku ile alijiambia kwamba mwenye nyumba hakuwa makini. Sasa hakukumbuka kama yeye mwenyewe alikuwa makini.

Akatoka ukumbini ameinama, kama anayekiomba radhi kila kiti. Nje akampigia mama. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kisha akajaribu kuizima seva akiwa huko huko mbali; vidole vyake vikakosea nenosiri, vikaliandika upya. Seva ikamfungulia, ikapokea amri, ikanyamaza. Namba ya mwisho ilikuwa tisini na moja. Baada ya hapo skrini haikusema kitu, na kimya kile kikamtisha kuliko namba zote.

Jirani wa karibu alikuwa Peniel, fundi wa kuchomelea mageti. Majuma mawili walikuwa hawajaamkiana, kwa sababu Dorika alimkatia mtandao aliokuwa akimgawia kutoka kwake, bila hata kumwambia, akimlaumu kwa kutazama mpira kutwa na kuwabana wanafunzi. Lakini shida haina kiburi.

"Mwalimu," Peniel alipokea kwa sauti kavu. "Leo umenikumbuka."

"Kaka Peniel, nisamehe, tutayaongea. Kimbia kwangu! Stoo inataka kuungua. Mama yupo, hapokei simu."

Hakuuliza la pili. Dorika akasikia chuma kikidondoka, kisha pumzi za mtu anayekimbia, na halafu, kwa mbali, king'ora. Alikifunga mwenyewe mwezi wa pili, kilie joto likipita themanini. Alimwelekeza mama siku hiyo hiyo: kikilia, zima swichi hii nyekundu. Mama aliitikia, "Ee."

"Kinasikika mpaka barabarani," Peniel alihema. "Moshi sioni. Harufu ya plastiki ipo." Hatua zake zikakoma. "Namwona mama. Amekaa kwenye kigoda, mlangoni pa stoo. Kanipa mgongo."

"Mwite!"

"Shikamoo, mama! Mama!" King'ora kikalia. "Mama!" Kikalia tena. "Mwalimu... haitiki."

Dorika akaegemea ukuta. Akilini alimwona mama yake ameketi wima na roho imekwisha kutoka, moshi usio na rangi umempitia puani taratibu, na yeye bintiye ndiye aliyeusababisha.

"Msogelee," akasema, kwa sauti asiyoijua kuwa ni yake.

Hakujua alingoja muda gani. Kisha ukaja ukelele. "Yesu wangu! We Peniel, unanishika bega kama mwizi?"

Akaketi chini palepale, na mhudumu aliyepita na birika la chai akamwuliza kama amefiwa. Akatikisa kichwa.

Peniel alizima swichi, akaeleza alichokikuta: magunia matatu ya alizeti yameegemezwa kwenye matundu ya kabati, na juu ya seva blanketi zito, limetandazwa kwa upendo kama la mtoto. "Anasema upepo huu wa Julai unaleta vumbi, akaona akufunikie mitambo." Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na haja. "Alikuwa anapepeta alizeti, Mwalimu. Kando ya kile king'ora. Mimi masikio yananiuma mpaka sasa."

Garini, njia nzima, hofu haikumtoka. Ilihama tu, kama mgeni anayesogezwa chumba cha ndani. Alikuwa ameweka kengele kwenye diski, kwenye betri, kwenye mtandao. Sasa alikumbuka redio ya mama, isiyofunguliwa tangu Pasaka. Alikumbuka zile "ee" za jikoni, zilizoitikia hata maswali yasiyotaka "ee". Alidhani ni uchovu wa uzee. Hakuwahi kuuliza.

Alifika saa saba mchana. Mama alikuwa kibarazani, ungo mapajani, mgongo kwa njia. Dorika akasimama hatua tano nyuma yake.

"Mama."

Makapi yaliruka na upepo. Akapiga hatua moja. "Mama." Akapiga nyingine, na kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, kwa kuwa kila moja ilimwongezea kujua. Alikuwa karibu kumgusa, pale kivuli chake kilipoangukia ungo, na mama akageuka, uso umechanua.

"Umerudi mapema!"

"Shikamoo, mama."

Macho ya mama yalitua kwenye midomo yake. "Marahaba, mwanangu." Kisha akauinamia ungo. "Nimekuharibia mitambo yako. Peniel kaniambia. Umekuja kuitazama?"

"Hapana," alisema Dorika.

Mikono ya mama ikatulia. Hakuinua uso. Alikaa hivyo, kama mtu ajuaye kwamba jibu limepita ila hajui limeelekea wapi, na anaona haya kuliulizia. Dorika akamzunguka, akapiga magoti mbele ya ungo, akangoja atazamwe.