Viti vya Wenye Vyombo

Lerionka alikata kamba za belo la mitumba asubuhi, pembeni ya soko la Kilombero, na Mama Blessing akawa wa kwanza kuingiza mikono. Belo la vitambaa vya meza halina fujo kama belo la mashati. Wanawake wanaolisubiri ni wachache, wanajuana, na kila mmoja anajua mwenzake anatafuta nini. Siku hiyo Mama Blessing alikuwa anatafuta kijani.

"Kafa Ulaya! Kafa Ulaya!" Lerionka aliimba, ingawa wateja wote walikuwa wameshainama mbele yake. Siku hizi watu wanasema mitumba tu. Yeye alibaki na jina la zamani, la enzi ambazo watu waliamini kwamba kila kilichomo kwenye belo mwenyewe amefia huko Ulaya.

"Punguza kelele, hatujaja msibani," Mama Blessing alimwambia.

"Wewe tena? Si wewe unayewapangia viti?"

Hilo lilikuwa kweli. Mama Blessing, ambaye jina lake ni Evaresta, alisomea hoteli akapata stashahada, akazaa, akaona kazi za hoteli zinataka mtu asiye na mtoto wa kuugua homa, akafungua biashara yake ya mapambo Sokon One. Wapambaji wa Arusha wanaotumia vitu vya mitumba wanajua kwamba ukitandika kitambaa cha mtu na kupakua chakula kwenye sahani yake, mwenyewe anakuja. Anakuja jua likianza kuzama, anakaa penye chombo chake, na chakula kikipoa anaondoka. Wenye mashati hawaji, kwa sababu shati lina mtu ndani tayari. Sahani ina nafasi. Kwa hiyo mpambaji mwenye akili haagizi viti sawasawa na idadi ya wageni. Wenye vyombo hawali, wananusa mvuke tu, wala hawaongei. Kwenye harusi mshereheshaji huwakaribisha baada ya wazazi na kabla ya kamati.

Kazi ya safari hii ilitoka kwa Mwairishi mmoja wa Ilboru, mwalimu wa wakunga. Jina lake linaandikwa Siobhan na linatamkwa Shivoni. Evaresta aliona kwamba herufi kadhaa zimepotelea njiani, lakini hakuuliza. Shivoni alitaka meza ya sikukuu ya Mtakatifu Patriki, inayoangukia katikati ya Machi, awaalike walimu wenzake. Alitaka vitu vya zamani, visivyofanana.

"Kama meza ya mama yangu," alisema. "Mama yuko kwenye makao ya wazee, Ayalandi. Kila Jumapili nikimpigia simu ananiuliza nyumba yake ikoje na atarudi lini. Namwambia ipo, inamsubiri."

"Ipo?"

Shivoni alikunja karatasi iliyokuwa mkononi. "Tuliiuza. Mimi na kaka zangu. Vyombo tukavigawa."

"Na yeye hajui."

"Itamuua, Evaresta."

"Haya. Rangi gani?"

"Kijani. Na dhahabu."

"Dhahabu nitaweka kidogo sana. Ukichanganya kijani na njano, rangi za chama, majirani watakuja kuuliza mgombea ni nani."

Ndiyo maana alikuwa ameinama kwenye belo la Lerionka, akitupa pembeni vya nailoni na vya Krismasi. Chini kabisa alikuta kitambaa cha kitani, cheupe, kizito, kilichotariziwa pembeni majani madogo ya kijani, kila jani na vipande vitatu. Kona moja ilikuwa na jani kubwa kuliko mengine, limeshonwa juu ya alama ya kuungua. Evaresta alikinusa, akakivuta huku na huku, akakiweka kwapani. Siku hiyohiyo alipata sahani za maua ya bluu, vishikio viwili vya mishumaa vya shaba, na birika la chai lisilo na kifuniko.

"Birika bila kifuniko la nini?" Lerionka aliuliza.

"La kuuliziwa maswali na wauzaji."

Siku ya sikukuu mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Mlima Meru ulijifunika mpaka kiunoni. Evaresta alifika Ilboru mchana pamoja na mama yake, Bibi Hanna, ambaye ni Mchagga wa Marangu aliyeolewa Kikatiti na hajawahi kukubali kwamba Kikatiti kuna maji mazuri. Bibi Hanna alileta kabichi, dumu la mbege, yaani pombe ya ndizi, na fungu la majani ya masale aliyokata kwenye mpaka wa shamba. Shivoni alikuwa jikoni amejifungia na nyama ya kondoo, hataki kusaidiwa.

"Kwaresima hii mnakula nyama?" Bibi Hanna aliuliza kupitia dirishani.

"Leo Patriki ameruhusu, bibi!"

"Simjui huyo Patriki," Bibi Hanna alisema, "lakini naona ana roho nzuri."

Evaresta alitandika kitambaa cha kitani kwenye meza ndefu ya barazani. Masale aliyasimamisha kwenye birika, kwa kuwa ni ya kijani na hayanyauki haraka. Chupa za bia za kahawia alizibandua karatasi, akatia kwenye kila moja ua moja jeupe la kando ya barabara. Leso alizikata kutoka kwenye kanga iliyopauka. Hakuna sahani iliyofanana na jirani yake kwa ukubwa, na meza ikapendeza kuliko zile za ukumbini zenye viti vya kuvalishwa. Halafu akaongeza viti vya wenye vyombo, akaita watu.

Walimu walifika kwa wakati mmoja, wakanawa, wakakaa. Jua liliposhuka, wenye vyombo nao wakaja. Mwenye sahani za maua ya bluu alikuwa mzee mwenye kofia, akasimama kwanza nyuma ya kiti mpaka alipokaribishwa. Wenye vishikio vya mishumaa walikuwa akina dada wawili waliobanana kwenye kiti kimoja. Mwenye birika hakuja, kwa kuwa lilikuwa limeshajaa masale. Wa mwisho alikuwa bibi mfupi aliyevaa gauni la kulalia, sweta na ndala za manyoya. Hakusubiri kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja kichwani mwa meza na kukaa.

Bibi Hanna alisimama na kata ya mbege. Kama kawaida yake mbele ya waliotangulia, alimwaga kidogo sakafuni, akasema, "Karibuni mliolala. Kunyweni, mtuachie amani."

"Mbona unamwaga?" aliuliza yule bibi wa ndala. "Kikombe ninacho."

Alikuwa ameongea Kiingereza cha kwao, na Bibi Hanna aliongea Kichagga, lakini hakuna aliyeomba tafsiri. Kilichowashangaza kidogo walimu ni kwamba mwenye chombo ameongea. Bibi Hanna aliweka kata chini, akamshika mgeni mkono, kisha shavu.

"Mama Blessing, huyu ana joto. Huyu hajafa."

"Nitamwambia Lerionka abadilishe wimbo," Evaresta alisema, akamletea mgeni kijiko.

Shivoni akatoka jikoni akiwa amebeba sufuria la nyama na viazi. Alimwona aliyekaa kichwani mwa meza, akaona kitambaa, akaona jani kubwa la kwenye kona. Aliweka sufuria juu ya mkeka wake, taratibu, asije akaunguza tena kitambaa.

"Mama. Mbona hujavaa viatu?"

"Wamevifungia kabatini. Wanasema siendi popote."

Jina lake lilikuwa Nora. Alijipakulia mwenyewe. Wenye vyombo wengine walinusa mvuke kwa adabu. Yeye alikula, akachovya kiazi kwenye mchuzi, akasema chumvi imepungua. Kisha akapitisha kidole kwenye kona ya kitambaa.

"Hapa ulichoma na pasi, nikafunika kwa jani."

"Ndiyo, mama."

"Hiki nilikiweka kwenye droo ya chini, chumba cha mbele. Kimefikaje hapa?"

Walimu walianza kupeana kabichi kwa bidii kubwa. Mmoja aliipokea mara mbili.

"Nimekuuliza, Shivoni. Droo iko wapi? Nyumba yangu ikoje?"

"Tumeiuza, mama. Vitu tukavigawa."

Nora alitafuna mpaka akamaliza. Evaresta, aliyekuwa amesimama karibu akimwangalia kifua, aliona kwamba anapumua vizuri tu.

"Nani kanunua?"

"Watu wa mjini. Wanakuja wakati wa joto."

"Kwa hiyo nyumba imefungwa mwaka mzima, na mimi nimefungiwa viatu."

"Ndiyo."

"Na kila Jumapili ulikuwa unaniambia inanisubiri."

Evaresta hapendi chakula kipoe kwa sababu ya maneno. Alichomoa jani moja la masale kwenye birika, akalifunga fundo, akamtia Shivoni mkononi.

"Mpe mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mpe."

Shivoni alimpa. Nora alilipokea, akaligeuza, akatafuta maandishi, hayapo.

"Hilo ukishalipokea umesamehe," Bibi Hanna alimweleza. "Halikataliwi."

"Nani kasema?"

"Wachagga."

"Mimi si Mchagga."

"Umeshakunywa mbege yetu."

Nora alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu. "Ningejua ningeomba maji," alisema, na mmoja wa walimu akacheka mpaka akapaliwa na kiazi. Kwa kuwa kwao siku ya Patriki mtu huvaa jani kifuani, Nora alilipenyeza lile sale kwenye tundu la kifungo cha sweta. Lilikuwa refu, likamfika sikioni.

"Haya, nimesamehe. Sasa nirudishieni nyumba yangu."

Shivoni alianza kulia. Bibi Hanna alitikisa kichwa.

"Hilo jani haliwezi, mwenzangu. Jani ni la moyo. La nyumba hakuna."

"Basi niongezeeni nyama."

Aliongezewa. Baada ya hapo sherehe iliendelea vizuri. Bibi Hanna na Nora walisogezeana viti wakasimuliana mabaya ya watoto wao, na walipoishiwa wakaanza ya wakwe. Chakula kilipopoa, mzee mwenye kofia aliinuka, na wale akina dada wakamfuata. Nora alibaki mpaka alipomaliza keki. Shivoni alikuwa ameanza kukusanya pembe za kitambaa.

"Nitakinunua, Evaresta. Kitakaa kwangu."

"Kiache," Nora alimwambia. "Wewe ulikigawa. Huyu alikichagua." Alimbusu binti yake kwenye paji la uso, na kiti kikawa kitupu.

Tangu siku hiyo Evaresta anakitandika kila anapopata kazi, na Nora anakuja kila kinapotandikwa: Njiro, Tengeru, Usa River, harusi, ubatizo, hata chama cha akina mama cha kukopeshana. Anarekebisha uma zilizopinda, anakosoa chumvi, anacheza kwaito mikono ikiwa juu. Kamati za harusi zimeshaacha kumwandika kwenye bajeti ya wenye vyombo, zinamhesabu kama mtu mzima anayekula. Shivoni hukaa naye anapoweza. Jumapili bado anapiga simu Ayalandi, na muuguzi humwambia kwamba mama amelala, na kwamba daktari haelewi, kwa sababu chakula cha pale hagusi lakini anazidi kunenepa. Viatu bado viko kabatini. Wenye nyumba wamepaka mlango rangi nyingine na kubadilisha kitasa.

Mwezi uliopita kulikuwa na kipaimara Kikwe. Nora alikaa kati ya Bibi Hanna na mzee mmoja wa Kimeru, Ndesanjo, aliyekuwa anakutana naye kwa mara ya kwanza. Mzee alimkaribisha ndizi, akamuuliza kama ilivyo desturi, kwenu ni wapi.

Nora alifuta mikono, akamwelekeza: ukishuka kwenye basi unapita kanisa, unaacha kisima kushoto, unapanda kidogo, geti ni la chuma na linalia ukilifungua, usiogope mbwa. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Akifika asimsubiri, aingie tu, awashe moto.

"Pazuri," mzee Ndesanjo alisema, akamwongezea ndizi.