Kaimu Mwanangu

Usiku wa jana niliota mwanangu anakaimiwa. Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona mtoto wa kuzaa akikaimiwa, mtu mwingine akashika nafasi yake kama ofisini?

Mwanangu huyo ni Tupokigwe, Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo. Kila alipopanda cheo alipunguza kuja, na tangu apate hiki cha mwisho hajalala kwangu hata mara moja. Humtuma dereva na sukari. Nami husema ahsante, kazi njema.

Basi, katika ndoto nimekaa jikoni namenya ndizi mbichi. Anaingia mwanamke wa makamo, suti ya kijivu, viatu kavishika mkononi kwa ajili ya tope letu la Tukuyu.

"Shikamoo mama. Mimi ni kaimu mwanao."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kikaoni."

Nampa kigoda. Namtazama vizuri: kucha, shingo, hata ule mwanya wa meno, vyote ni vya Tupokigwe. Namwambia, basi njoo nikukumbatie. Anarudi nyuma kidogo.

"Hilo halimo kwenye mamlaka yangu, mama. Naweza kula kwa niaba yake, na kucheka kidogo. Kukumbatiwa, mpaka Baraza la Chuo liidhinishe."

Nikaona huyu hanifai. Nikamwachia kisu amalizie ndizi, nikafungua mlango wa nyuma nimfuate mwenyewe. Migomba yangu haipo. Kuna ngazi, imeanzia pale kizingitini mpaka mawinguni, na kipandio cha kwanza kinakohoa.

"Machapisho unayo?" kinaniuliza.

"Nina watoto saba."

"Peke yako au kwa kushirikiana?"

"Kwa kushirikiana. Mwenzangu ni marehemu."

"Pole. Yamepitiwa na wenzako?"

"Majirani wote wameyapitia, na kila mmoja aliona kasoro."

"Ndiyo kawaida yao. Panda, Mhadhiri Msaidizi."

Nikapanda. Kwenye kipandio cha Mhadhiri namkuta Tupokigwe msichana, nywele kasuka kwa uzi, kakumbatia mkoba. "Mama, nitakuja Krismasi," ananiambia. Kwenye cha Mhadhiri Mwandamizi yupo mwingine, amenenepa kidogo: "Mama, nitakuja Pasaka." Kwenye cha Profesa Mshiriki ana miwani: "Nikimaliza kusahihisha, mama." Wote wametulia pale kama kuku wanaoatamia. Nikawauliza, mbona hamshuki mkaja? Wakasema kanuni za chuo zinataja kupanda tu.

Juu kabisa kuna ofisi yenye zulia. Mwanangu mwenyewe yumo, amelalia meza, joho liko mabegani, na kiti chake ndicho kinachoongea na wageni.

"Hawezi kutoka," kiti kinasema, "mpaka apatikane wa kumkaimu."

"Nitakaa mimi."

"Elimu?"

"Darasa la nne."

"La siku hizi au la zamani?"

"La zamani."

Kiti kikafikiri. "Kaa."

Tupokigwe akaamka, akavua joho, akanifunika nalo magoti. "Ahsante, Kaimu," akasema, wala hakunitazama usoni. Kisha akateremka ile ngazi mbio akiita "Mama! Mama!", sauti ileile ya kutoka shule na njaa.

Ukuta ukageuka dirisha. Namwona amefika jikoni kwangu, amechutama mekoni, anapuliza moto. Anamuuliza yule wa suti, "Mama yuko wapi?"

"Yuko kikaoni."

Nataka kumwita. Kiti kinanibana mapaja. "Kaimu haiti mtu kwa jina," kinaniambia, kwa upole kabisa. Naye kule anaepua chungu, anapakua vya watu wawili, anakaa kungoja. Anangoja mpaka kichwa kinamwangukia magotini, na chakula kimepoa. Nikalia. Nikaamka.

Kumekwisha kucha. Simu ikalia, na ni yeye, mtu asiyenipigia asubuhi hata siku moja.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimeamka nywele zangu zinanuka moshi wa kuni. Nimeziosha, bado. Na hapa tunapikia gesi."

Kule kwake nikasikia mtu anamwita, "Profesa, wajumbe wameshafika." Hapo ndipo siku zote mimi husema haya, kazi njema.

"Tupokigwe," nikasema, "nataka uje ulale hapa. Usimtume mtu. Usipite tu, gari likinguruma nje. Ulale, uamke, ulale tena."