Mtoto Aliyepewa Mpira

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa dogo, dogo kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu: dada yake alisema "mtaa wenu."

Mdogo mtu alikuwa ameinamia meza ya kupigia pasi, akilinyoosha gauni la dada huyo kwenye mabega, pale panapotaka subira. Dada mtu alikaa kando ya mlango akijipepea kwa kipande cha boksi na kueleza jinsi mkutano wa mchana utakavyokwenda.

"Mwenyekiti atafungua, halafu watasema watu wa klabu. Mimi nitafuata, kwa niaba ya mtaa wenu."

Pasi ikasimama. Dada mtu alizaliwa mtaa huu huu, na saluni yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na kibanda hiki cha pasi. Lile neno lilimtoka bila yeye mwenyewe kulisikia. Mdogo mtu hakuuliza. Aliisukuma pasi mbele kabla haijaunguza kitambaa.

Kunyamaza ndiko alikozoea. Maneno yake yalikuwa kama maji ya bomba la mtaani: yamo, ila hayatoki yanapohitajika. Shuleni aliitwa mbele asome, koo likamfunga, darasa zima likaangua kicheko; alipomaliza la tano hakurudi tena. Tangu hapo dada akawa mdomo wake. Dukani, kwa mwenye nyumba, hata kwa mganga wa zahanati, mdogo alinong'ona na mkubwa akapaza. Watu nao wakazoea. Wakitaka kumuuliza mdogo jambo, walimtazama mkubwa.

Sakata la uwanja lilipozuka, mtaa haukuhangaika kutafuta msemaji. Klabu ya mpira ya mji, timu ya wachezaji wa kulipwa na mwenye klabu tajiri, ilitaka uwanja mpya. Tajiri alisema atatoa nusu ya gharama, halmashauri itoe nusu. La sivyo timu itahamia mji mwingine. Halmashauri haikuwa na nusu. Ilikuwa na fungu la wodi ya wazazi, lililokwisha kutengwa kwa ajili ya zahanati ya mtaa, na macho ya wakubwa yakatua hapo kama ya paka aliyeona chungu hakina kifuniko. Mtaa ukasema hapana, tena ukamchagua dada akaseme hapana hiyo mkutanoni.

Ndipo mdogo mtu alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwendea dada saluni, akasubiri mteja wa mwisho atoke, akamnong'oneza: "Waambie habari ya mtoto."

Hawakuwa wamemtaja mtoto yule tangu siku ile. Uchungu ulimshika mdogo mtu zahanati ikiwa imeshafungwa, kwa kuwa ilifungwa jua likizama. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, akavuta pumzi chache, akaacha. Dada ndiye aliyempokea. Dada ndiye aliyemfuta mwili mzima na kumfunga kwa shuka, akaketi naye mapajani mpaka kulipokucha.

"Ukilisema hilo," mdogo alinong'ona, "hawatakuwa na la kujibu."

Dada alimshika mkono. "Nitalisema vizuri, mdogo wangu. Niachie mimi."

Ukumbi wa halmashauri ulifurika. Mdogo mtu alibanana kwenye benchi la nyuma na muuza mkaa, mama mwenye vidole visivyotakata na ulimi usiopumzika. Mbele, afisa wa klabu alionyesha picha ya uwanja unaong'aa kama sahani mpya, akamalizia kwa sauti ya huzuni kwamba bila uwanja huo timu itahama.

"Ihame tu," muuza mkaa alisema, si kwa kunong'ona. "Mpangaji asiyelipa kodi akitishia kuhama, unamsaidia kubeba godoro."

Mabenchi ya nyuma yakacheka. Dada akasimama. Gauni lilimkaa bila kunjo, na mdogo mtu, licha ya lile neno la asubuhi, alijisikia fahari.

"Ndugu mwenyekiti," dada alianza, "nimekuja na maumivu ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu, yule pale nyuma, alimpoteza mtoto kwa sababu ya umbali wa hospitali."

Shingo zikageuka. Mdogo mtu akainamisha kichwa. Aliyataka haya mwenyewe, akayavumilia.

"Mtoto wa kiume," dada akasema.

Mdogo mtu aliinua uso, akidhani hakusikia vizuri.

"Leo angekuwa ameanza shule. Angekuwa anapiga mpira wa makaratasi uchochoroni, anakwepa magari. Nawauliza, vijana kama yule tumewaandalia nini? Wodi mtu huingia siku moja akatoka. Uwanja ni wa maisha. Watu wa klabu wameahidi kuweka chumba cha huduma ya kwanza humo humo ndani, na mimi nimewaamini. Kwa niaba ya mtaa, tunaridhia."

Safu za mbele zilipiga makofi. Za nyuma watu walitazamana kama waliomwagiwa maji usingizini.

"Huduma ya kwanza," muuza mkaa akasema hatimaye. "Kwa hiyo mtu akishikwa uchungu, asubiri mapumziko." Hakuna aliyecheka. Akamgeukia mdogo mtu, sauti imeshuka. "Dada yako amepewa fremu, chumba cha saluni, chini ya jukwaa la uwanja huo mpya. Nilidhani unajua, mwanangu. Ninyi si kitu kimoja?"

Hakujua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe utakuwa umeipiga pasi kwa mkono wako. Na bado, fremu angeweza kuielewa. Saluni ya dada ilivuja, na tamaa ya paa zuri si dhambi ngeni duniani. Angemlilia, angemnunia, kisha wangekula sahani moja tena. Lakini mtoto hakuwa hadithi aliyosimuliwa dada. Dada alimwona. Alimfuta kila kiungo. Alijua alichokuwa amekibeba mapajani, akakigeuza hadharani, polepole, kwa sauti nzuri, ili kimfae tajiri.

Mwenyekiti alikuwa akikusanya karatasi zake. "Kabla hatujapiga kura, kuna mwingine wa mtaa ule mwenye neno?" Aliuliza huku akimtazama dada.

Mdogo mtu alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuamua. Mtu alimletea kipaza sauti, kizito kuliko alivyodhani, chenye joto la viganja vya wengine. Koo likafunga. Kicheko cha darasa la tano kikarudi chote, na nyuso zile zile.

Dada alikuwa ameshanyanyuka. "Ndugu mwenyekiti, niwie radhi. Mdogo wangu hana mazoea ya kusema mbele za watu. Anachotaka kusema ni kwamba..."

"Mwache," alisema muuza mkaa. "Ana mdomo wake."

Mwenyekiti akamwashiria dada akae. Dada hakukaa. Alisimama ameshikilia kiti cha mbele yake, akimtazama mdogo wake kwa macho ambayo mdogo hakuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeomba. Ukumbi ulingoja. Mdogo mtu naye alilingojea koo lake, kama anavyoingojea pasi ipate moto, bila kuiharakisha, mpaka lilipofunguka.

"Alikuwa wa kike," akasema.